Voi ya Sebuleni

Kilomita 1 ya reli, ukiipunguza mara 60, inakuwa karibu mita 17. Ukuta mrefu wa sebule yangu hapa Umoja una mita 4, na humo umo mlango wa jikoni. Kwa hiyo hata kabla hujanunua msumari, hesabu imeshakwambia: stesheni ya Voi haiingii nyumbani kwako. Kinachoingia ni kipande chake. Na ukishaanza kuchagua kipande, ndipo maneno yanapoanza.

Treni yenyewe niliipata Gikomba, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba, kati ya mwanasesere asiye na mkono na gari la zimamoto. Kichwa kimoja cha dizeli, mabehewa 2 ya mizigo yenye maandishi ya kampuni za reli za Marekani, na vipande vya reli vya kutosha duara moja. Muuzaji hakujua kama inatembea. Nililipa bei ya shati zuri. Nyumbani nikachukua adapta ya ruta iliyokufa, ya volti 12, nikagusisha nyaya zake kwenye reli mbili, na kile kichwa kikachomoka kama panya. Mama alikuwa kwenye kochi akichambua mchele. Aliangalia duara lile kwa muda, treni inazunguka tu, inazunguka tu, kisha akasema, "Hiyo si reli. Reli ina landhi."

Kwa asiyejua, landhi ni zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi wa reli, chumba kimegusana na chumba, bati moja refu juu. Watu wa Nairobi wanazijua za Muthurwa. Enzi za mkoloni makazi ya reli yaligawanywa kwa rangi: Wazungu kivyao, Wahindi kivyao, Waafrika landhini. Mama alizaliwa kwenye landhi ya Voi mwaka 1961, babake akiwa mtu wa genge, yaani wale wa kukaza bolti, kushindilia kokoto na kufyeka nyasi kwenye kipande cha njia walichopewa. Sisi ni Wakamba, lakini lugha ya kwanza mama kuisema ni Kiswahili, kwa sababu jirani wa kushoto alikuwa Mjaluo, wa kulia Mtaita, wa mbele Mluhya, na watoto hawakuwa na lugha nyingine ya kugombania mpira.

Basi nikamwambia nitamjengea landhi yake.

Wanaojenga reli ndogo huko Ulaya na Marekani wana vipimo vyao. Kinachojulikana zaidi kinaitwa HO, 1 kwa 87, ambapo reli mbili zimeachana milimita 16.5. Hiyo ni reli yao ya kawaida, ya milimita 1,435, ambayo ndiyo hii SGR tuliyoanza kuipanda mwaka 2017. Reli yetu ya zamani, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901, ni ya mita 1 kamili. Waswisi nao wana reli za mita 1, zile za Rhätische Bahn za milimani, na mifano yake inauzwa kwa kipimo hicho cha 1 kwa 87, reli zikiwa za milimita 12. Ni vitu vizuri ajabu, na bei yake inaweza kumsomesha mtoto muhula mzima. Mimi nilichokuwa nacho ni reli za Gikomba. Kwa hiyo niligeuza hesabu. Kama mita 1 ya Voi ni milimita 16.5 sebuleni, basi kipimo changu ni karibu 1 kwa 60, na kila kitu kingine kikifuate hicho. Mlango wa mita 2 unakuwa milimita 33. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinakuwa mraba wa sentimita 5, na safu ya vyumba 10 inakuwa nusu mita. Babu yangu, ambaye tunakadiria alikuwa na mita 1.70, anakuwa milimita 28. Nilipomwonyesha mama milimita 28 kwenye rula alicheka. "Hata hivyo hakuwa mrefu," akasema.

Ubao wangu una mita 3.6 kwa sentimita 60. Ukirudisha kwa ukubwa wa kweli hiyo ni kama mita 218 kwa 36, mahali pa kukimbilia ukienda kuchota maji. Kila anayejenga reli ndogo lazima aache vitu nje, na vitabu vya kazi hii vina ushauri mwingi kuhusu namna ya kubana: fupisha jukwaa, punguza mabehewa, pinda njia isiyopindika. Ila ukitazama picha zilizomo utaona kwamba kinachoachwa nje karibu kila mara ni kile kile. Kichwa kitakuwepo. Stesheni itakuwepo, na tangi la maji, na mti mmoja mzuri. Alikolala aliyekaza bolti hakuonekani.

Marafiki zangu walitaka Garratt. Na kusema kweli hata mimi niliitaka. Zile za daraja la 59 zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima, na ndizo zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi. Namba 5918, Mount Gelai, imesimama pale Makumbusho ya Reli Nairobi. Nenda ukaione. Ina boila moja katikati iliyobebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, na ukisimama kando yake unajikuta umenyamaza. Lakini ina urefu wa zaidi ya mita 31. Kwa kipimo changu hiyo ni zaidi ya nusu mita ya chuma, ndefu kuliko landhi yenyewe, na kwenye kona za ubao wangu ingetoka njiani kama ng'ombe kwenye choo. Ikabidi kuchagua: Garratt au landhi. Fundi mmoja jirani yangu bado ananishangaa.

Wengine waliuliza simba wako wapi. Ukitaja reli na Tsavo katika sentensi moja, mtu atakuuliza simba. Hao wa mwaka 1898 wamejazwa pamba, wako Field Museum kule Chicago, na wana vitabu na filamu zao. Wafanyakazi walioletwa kutoka India kujenga njia hiyo walikuwa zaidi ya 31,000, na karibu 2,500 walikufa, wengi kwa magonjwa. Simba wale wawili wanajulikana kuliko wote hao. Sikuweka simba.

Shida ilikuja kwenye ramani. Mama anakumbuka kila kitu isipokuwa kilipokuwa. Anajua ukitoka mlangoni asubuhi bomba la maji liko hapo, na mafundi wa genge wanapita pale na spana zao ndefu mabegani. Lakini ukimwuliza reli ilikuwa upande gani anaonyesha kwa mkono kutoka alipoketi, na ukimhamisha kiti, mkono nao unahama. Nilichora karatasi 4, zote tofauti. Ya nne aliitazama, akaisukuma, akasema, "Muulize mjomba wako."

Nikanyamaza. Alikuwa hajamtaja kwa miaka 6.

Babu alipostaafu alinunua shamba Makueni. Alipofariki shamba likawa kesi. Siwezi kuieleza kesi hiyo bila kuegemea upande, na pande zote mbili zina simu na zinasoma, kwa hivyo naiacha hapo. Mjomba alibaki Voi na yuko huko hadi leo. Nilimpigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mpwa wangu, kuna nini, kuna msiba?" Nikamweleza naijenga Voi ya 1970 sebuleni na sijui bomba lilikuwa wapi. Kimya. Halafu akasema atanitumia ujumbe.

Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika 11. Mjomba alizaliwa 1956. Kumbukumbu zake zina kaskazini na kusini. Alianza na mlima wa Sagalla, akateremka hadi kwenye njia ya Taveta inapoachana na njia kuu, akahesabu reli za kupishania, akafika kwenye landhi, akazitaja nyumba moja baada ya nyingine na aliyeishi ndani na kilichokuwa kikipikwa. Mwisho akasema: "Na mwambie mamako atulie, hizo dawa za presha anywe." Nilimchezea mama ujumbe wote. Ulipofika hapo akasema, "Mwambie yeye ndiye atulie." Nikampa simu aseme mwenyewe. Hakusema. Aliishika karibu na mdomo, kidole kikiwa kimebonyeza pale pa kurekodi, akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mwambie huyo mjomba wako bomba halikuwa karibu na mwembe. Lilikuwa karibu na sisi."

Hivyo ndivyo walivyozungumza kwa karibu miezi 5, kila mmoja akisema na mimi.

Wiki ya pili kifurushi kikafika na basi, pakiti ya unga iliyofungwa kwa kamba. Ndani hamkuwa na unga. Ulikuwa udongo wa Voi, ule mwekundu ambao ukishaingia kwenye soksi nyeupe ndiyo basi. Mama alitia matone ya maji kwenye kiganja chenye udongo, akaunusa, hakusema kitu, akaenda kunawa.

Udongo wa kweli ndio rangi ya kweli. Hakuna rangi ya dukani itakayoufikia. Lakini una kazi yake. Kwanza unaukausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo, kuua wadudu na mbegu. Unauchekecha kwa kichungi cha chai, halafu tena kwa soksi ndefu ya wanawake, kwa sababu chembe ya mchanga ya milimita 1 kwa kipimo hiki ni jiwe la sentimita 6. Kisha, na hili ni muhimu kuliko yote, unapitisha sumaku. Udongo ule una vipande vidogo vyeusi vya madini yenye chuma, na mota ya kichwa ina sumaku ndani yake. Ukiacha vipande hivyo, mota itavivuta vyote na kujisaga. Sumaku yangu niliitoa kwenye spika iliyoharibika. Kila nikiipitisha inatoka na ndevu. Unaunyunyiza udongo kwenye ubao, unaulowesha kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, halafu unadondosha gundi nyeupe ya maseremala iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Sabuni ndiyo inayofanya gundi inywewe. Bila hiyo inakaa juu kama shanga.

Nyasi ni katani. Hilo lilinifurahisha, maana katani inalimwa kule kule, Mwatate si mbali na Voi. Unakata nyuzi za kamba kwa milimita 5 au 10, unazisimamisha kwenye gundi kwa koleo ndogo, shada moja moja, jioni moja unajaza sehemu ya sahani. Kilima kimetokana na ile povu nyeupe inayofungiwa friji, kimechongwa kwa kisu cha mkate na kufunikwa magazeti na plasta. Migunga ni waya wa shaba uliosokotwa na sponji iliyokunwa. Mbuyu mmoja tu. Nilitaka miwili, mama akasema ule mwingine ulikuwa mbali.

Mataruma yalinisumbua. Yale ya reli za Gikomba ni ya plastiki yaliyochongwa kama mbao, tena yamebanana. Njia yetu ilikuwa na mataruma mengi ya chuma, umbo lake kama beseni refu lililofunikwa kifudifudi, kwa sababu mchwa hawali chuma. Kwa hiyo katika kila mataruma 3 niliondoa 1, yaliyobaki nikayaachanisha, nikayapiga msasa hadi alama za mbao zikaisha, kisha nikayapaka rangi ya kutu. Ubavu wa reli nao ni kutu. Juu ya reli hapapakwi chochote. Panang'aa kwa sababu magurudumu yanapita hapo, na kwenye ubao ndipo stima inapopitia.

Mabati ndiyo ninayojivunia. Migongo ya bati la kawaida imeachana milimita 76. Gawanya kwa 60 upate kama milimita 1.25. Nenda hadiwea yoyote, uliza bolti ya milimita 8, ile ya kawaida: meno yake yameachana milimita 1.25 kamili. Unaweka foili ya jikoni juu ya kadi laini, unaiviringishia ile bolti kwa kuikandamiza, na bati linatoka, la kweli, na migongo yake. Niliviringisha bati la landhi nzima usiku mmoja. Kisha kuna kupaka kutu kwenye misumari ambayo haipo.

Sasa namba. Milango ilikuwa na namba zilizopakwa kwa rangi nyeupe, na mama alitaka yetu isomeke. Nyumba namba 4, ya katikati. Nilikuwa nimeshaiandika kwa ncha ya sindano ujumbe wa mjomba ulipoingia. "Namba 9, mpwa wangu. Ya pili kutoka mwisho, karibu na bomba. Mimi nimezaliwa humo." Mama akaja juu. Eti mtu asijue nyumba aliyozaliwa? Namba 4, na mlangoni palikuwa na jiwe la kunolea visu. Mjomba akajibu jiwe analikumbuka lakini hilo ni la baadaye. Mama akasema baadaye gani. Mambo haya yalienda siku 3, na mimi katikati nikiwa na chumba cha sentimita 5 mkononi, sijui nikipake namba gani.

Siku ya nne mjomba alituma ujumbe mfupi. Nauandika kama nilivyousikia. "Mwambie mamako mimi sijachanganyikiwa. Tulikaa namba 9 mpaka 1964. Halafu mtoto akafa, yule aliyemfuata yeye. Ilikuwa surua. Mama akawa hataki kulala humo tena. Baba akaenda ofisini akaomba, wakatuhamisha namba 4. Mamako alikuwa na miaka 3, hawezi kukumbuka. Sisi tuliambiwa tusiseme."

Mama aliusikia akiwa amesimama. Akanyoosha mkono, nikampa simu. Akabonyeza.

"Mtoto gani?" akasema.

Hakusema mwambie. Aliketi na simu mapajani mpaka jibu likaja, na jibu lilipokuja aliingia nalo chumbani akafunga mlango. Sijui mjomba alisema nini. Sijauliza. Kwa siku 2 nyumba ilikuwa kimya, nami niliunganisha nyaya, kwa sababu nyaya ni kazi ya chini ya meza na huko hakuna anayekuona uso.

Nyaya za reli ndogo si ngumu zikipangwa. Reli moja ni chanya, nyingine ni hasi. Magurudumu ya chuma yanachukua stima kutoka pande zote mbili na kuipeleka kwenye mota. Ukigeuza chanya na hasi, treni inarudi nyuma. Lakini reli si waya mzuri. Pale vipande vinapoungana pana kibati kidogo kinachobana, kinashika kutu, kinalegea, na kila kiungo kinakula kidogo, hadi treni inaanza kusinzia upande wa mbali wa ubao. Dawa yake ni nyaya 2 nene, nyekundu na nyeusi, zinazopita chini ya ubao mwanzo hadi mwisho, na kutoka kwao nyaya nyembamba zinapanda kwenye kila kipande cha reli na kulehemiwa ubavuni. Yaani kila kipande kinalishwa chenyewe. Njia ya kupishania unaikata kwa pengo dogo kwenye reli moja na kuiwekea swichi yake, ili treni moja isubiri wakati nyingine inapita. Na usiruhusu njia izunguke na kujirudia yenyewe bila mapengo, maana reli ya kulia itakutana na ya kushoto na hiyo ni shoti hapo hapo. Nyaya na swichi nilizitoa Luthuli Avenue, ambako ukimwambia kijana wa duka ni za treni anakupunguzia bei ili umwonyeshe video.

Taa zilihitaji kufikiriwa. Landhi ya mama haikuwa na stima. Walikuwa na koroboi. Taa ndogo ya LED ukiipa nguvu yake kamili inatoa mwanga mweupe wa duka la dawa. Unaweza kuifungia rezista kubwa, ya ohmu 10,000 au hata 22,000 kwa volti 12, ikafifia vizuri, lakini haitikisiki. Koroboi hutikisika. Mwisho nilinunua mishumaa ya plastiki ya betri, ile ya harusini, nikaivunja. Ndani mna LED ya manjano inayocheza yenyewe na betri bapa ya volti 3. Nikaiweka hivyo hivyo, kila nyumba na betri yake chini ya ubao, mbali na nyaya za reli. Stima ikipotea, na Umoja inapotea, treni inasimama ilipo na landhi inabaki na taa.

Nilikuwa nimenunua mshumaa mmoja. Siku ya tatu mama alitoka, akaja akainama juu ya ubao na miwani yake. Akauliza kama namba 9 ina mtu. Nikamwambia mwaka 1970 labda ilikuwa na familia nyingine. Akafikiri. "Weka taa na humo," akasema. "Watu walikuwa wanakaa." Nikarudi dukani.

Kulikuwa na ubishi mmoja zaidi, na huo haukuwa wa kipimo. Ulikuwa wa toroli. Mkaguzi wa njia alikuwa akipita kwenye reli kwa toroli ya magurudumu 4 yenye benchi, yeye ameketi chini ya mwavuli, na watu wa genge nyuma wakisukuma, wakikimbia juu ya reli. Mjomba alitaka toroli. Alinieleza kila ubao wake. Mama hakuitaka kabisa. "Usimweke baba akimsukuma mtu," akasema. Mjomba, kupitia kwangu: "Alisukuma. Nilimwona. Kama unajenga ukweli, jenga ukweli." Mama, kupitia kwangu: "Ukweli ni mwingi. Si lazima uweke huo."

Niliwaza jambo hilo muda mrefu kuliko nilivyowaza nyaya zote. Watu wangu ni wa waya na gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, milimita 28, na kwa ukubwa huo uso ni tone la rangi. Huwezi kuchora anayeumwa mgongo. Kinachoonekana ni mwili umekaaje. Anayesukuma ameinama mbele, mikono imenyooka. Aliyebeba spana amenyooka na bega moja liko juu. Hayo tu. Nikatengeneza toroli, na wasukumaji 4, na mwenye mwavuli. Kisha kando, mita 80 za kweli kutoka hapo, nikaweka mtu mmoja anayetembea kati ya reli peke yake asubuhi, spana begani, akikagua njia. Sikumwambia yeyote nani ni nani.

Mjomba alikuja Desemba. Alipanda Madaraka hapo Voi, akashuka Syokimau, nikamfuata. Njiani alilalamika kwamba treni mpya haipigi kelele ya kulaza mtu. Mama alimpokea mlangoni, wakasalimiana kwa mkono kama watu wa benki, na chakula kililiwa habari zikiwa za mvua. Kesi bado iko mahakamani. Itatajwa tena mwezi wa 3. Baada ya chakula nilizima taa ya sebule, nikawasha ubao.

Mjomba hakusema kitu. Alianza mwisho, kwenye njia ya Taveta, akaja polepole akiwa ameinama, mikono nyuma, kama anayekagua. Alipofika namba 9 alisimama, na taa yake ilikuwa inatikisika. Akaenda namba 4. Akagusa lile jiwe la kunolea kwa ukucha. Bomba akasema lisogezwe kushoto sentimita 4, yaani mita 2 na nusu, na mama hakubisha. Halafu akafika kwenye toroli.

"Huyu wa pili kushoto," akasema, "ndiye baba."

"Baba ni yule kule," mama akasema. "Mwenye spana."

"Wewe ulikuwa mdogo. Mimi nilikuwa nampelekea chai."

"Na mimi nilikuwa namngoja mlangoni. Anakuja na spana. Kila siku anakuja na spana."

"Angalia mabega, wewe. Baba alikuwa na mabega hivi."

"Si kila mtu alikuwa na mabega hivyo akisukuma? Njoo huku. Njoo umwone huyu akitembea."

Mjomba akazunguka ubao, akapita kando yangu bila kuniangalia, akaenda kuinama upande wa mama. Nikaenda jikoni kuweka chai.